Macho Manne na Sikio Moja

Kazi ya kuhariri picha za mbio za magari ni kazi ambayo watu wachache huifikiria. Mtazamaji huliona gari, hulisikia likinguruma, huliona vumbi lake, kisha hushangilia au husikitika. Hamwoni mtu aliyeketi katika chumba chenye giza kidogo, mbele ya kompyuta, akiamua jicho gani litazame sasa na jicho gani lipumzike. Mimi ni mmoja wa watu hao wasioonekana. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa, nayo imenifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba macho mengi huona mengi. La pili ni kwamba macho mengi yaweza kuunganishwa yakasema uongo ambao hakuna hata moja kati yao lililousema lilipokuwa peke yake. Jambo hili la pili nilijifunza kwa gharama, na gharama yenyewe sikuilipa mimi. Ililipwa na mtu mwingine. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika insha hii.

Desturi ya kutazama kitu kiendacho mbio kwa macho mengi ni kongwe kuliko gari. Karl Benz alipata hataza ya gari lake mwaka 1886. Miaka 8 kabla ya hapo, mwezi wa Juni 1878, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi huko Palo Alto, California. Nyuzi zilitandwa kuikingama njia, na kila farasi alipokata uzi, kamera moja ilifumbua jicho na kulifumba. Leland Stanford, tajiri mwenye farasi huyo, alitaka kujua kama mnyama apigaye mbio huwa na wakati ambapo kwato zake zote nne haziko chini. Jicho la mwanadamu lilikuwa limeshindwa kulijibu swali hilo kwa maelfu ya miaka. Kamera zililijibu kwa muda mfupi kuliko kupumua mara moja: wakati huo upo. Nadhani tangu siku hiyo mwanadamu hajaridhika tena na jicho moja. Mwaka 1966 mwongozaji John Frankenheimer alitoa filamu iitwayo Grand Prix, ambamo kamera zilifungwa juu ya magari ya mbio yenyewe, mtazamaji akaketishwa karibu na mahali pa dereva. Wahariri wa filamu hiyo walipewa tuzo ya Oscar, na walistahili.

Katika Afrika ya Mashariki mchezo huu una historia yake. Safari Rally ilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi madereva walikimbia katika barabara zilizokuwa wazi kwa mabasi, baiskeli na ng'ombe. Baada ya mwaka 2002 mashindano haya yalitoka katika orodha ya ubingwa wa dunia, yakarudi mwaka 2021, safari hii katika njia zilizofungwa, hasa pande za Naivasha. Siku hizi kuna kamera ndani ya magari, kuna helikopta, kuna droni. Lakini mashindano makubwa ni kama mbuyu: chini yake huota miche mingi. Kuna mbio ndogo za vyama vya wenyeji, ambamo dereva ni fundi mwenye karakana, na mwelekezi wake ni karani, muuza duka au mwalimu. Humo ndimo mlimo riziki yangu. Kamera zetu ni chache, nyingine za kuazima.

Yafaa nieleze kwanza jinsi kazi inavyofanywa, kwa sababu kosa langu halitafahamika bila ya kuifahamu kazi. Kila kamera ina tabia yake, kama kila shahidi alivyo na tabia yake. Kamera ya ndani ya gari huonyesha jitihada: mikono ya dereva ikipambana na usukani, na daftari la mwelekezi likirukaruka juu ya magoti yake. Kamera iliyowekwa chini kando ya njia huonyesha kasi, kwani gari hutokea na kutoweka kabla mtu hajakohoa. Kamera ya mbali yenye lenzi ndefu huonyesha mahali, lakini hudanganya kidogo kuhusu mwendo: gari lijalo moja kwa moja kuielekea huonekana kama lililosimama, ingawa magurudumu yake yanazunguka kwa hasira. Hapana kamera hata moja iwezayo kueleza habari yote. Mhariri hufanya kazi ya kadhi barazani. Huyu humpa nafasi aseme, yule humnyamazisha, kisha humrudia wa kwanza.

Kubadili pembe kuna adabu zake. Gari likiwa linakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, usilichukue ghafula kutoka upande wa pili wa njia, maana litaonekana linarudi lilikotoka, na mtazamaji atapotea. Mwonyeshe mahali kwanza, kisha mwonyeshe gurudumu. Badilisha wakati kitu kinapotendeka, kama usukani unapozungushwa au gari linapoinuka juu ya tuta, kwa sababu jicho lililoshughulika halitaona mshono. Wala usibadilishe mno. Kijana aanzaye kazi hii hudhani kwamba kukata picha mara nyingi ni kuongeza kasi. Kasi haimo katika mkasi, imo katika gari. Na mtu aliyenyimwa nafasi ya kuiona njia hawezi kujua kwamba njia inamezwa upesi.

Juu ya adabu zote hizo iko moja ihusuyo sauti. Picha ni shanga, sauti ni uzi. Ukiruka kutoka ndani ya gari mpaka mlimani, na kutoka mlimani mpaka konani, mtazamaji hatashtuka ikiwa sauti moja inaendelea chini ya picha zote. Kwa hiyo wahariri wengi huchukua sauti ya ndani ya gari, yaani mngurumo wa injini pamoja na maneno ya mwelekezi, wakaitandika kama mkeka, kisha picha zikaketi juu yake. Nami nilifanya hivyo, na ningali nafanya hivyo.

Walakini kabla ya kubadili pembe, hapana budi kamera zote zikubaliane ni saa ngapi. Katika sinema za kuigiza mtu hupiga kibao mbele ya kamera: jicho huona vipande viwili vya mbao vikikutana, sikio husikia mlio, na mhariri huvilinganisha. Katika mbio hapana awezaye kulisimamisha gari ili apige kibao. Basi sisi hutafuta sauti iliyosikiwa na kamera zote. Kompyuta huichora sauti kama mstari wenye meno, na mlipuko mmoja wa bomba la moshi, dereva aondoapo mguu kwenye mafuta, huonekana kama mwiba mrefu kati ya meno hayo. Tafuta mwiba huo katika kila kamera, uilinganishe miiba, na kamera zote zitakwenda pamoja. Siku hizi kompyuta huweza kuifanya kazi hiyo yenyewe kwa muda wa kufumba na kufumbua. Njia hiyo ni nyepesi, nami niliiamini kama ninavyoiamini jedwali ya kuzidisha.

Siku ya kosa langu ilikuwa siku ya mbio ndogo katika nchi kavu iliyo kati ya Naivasha na Elmenteita. Nilikuwa na kamera nne. Moja ilikuwa ndani ya gari la fundi mmoja kijana, ambaye mwelekezi wake alikuwa binamu yake, mwalimu wa hesabu. Mbili zilikuwa kando ya njia. Ya nne niliiweka juu ya kilima, ng'ambo ya bonde, ili ipate kuiona njia yote ikipinda katikati ya migunga. Kazi ya mwelekezi, kwa msomaji asiyeijua, ni kusoma maelezo ya njia waliyoyaandika pamoja walipoikagua: umbali, upande na ukali wa kila kona. Kuisema kona mtu akiwa ameshaifikia ni sawa na kutoisema. Sauti yake lazima itangulie gari.

Katika kona moja kali ya kushoto gari liliteleza, likaacha njia, likabingirika mara moja na kusimama ubavuni. Mwalimu alitoka mzima. Dereva alivunjika mkono, na kwa sababu kichwa chake kiligonga, hakukumbuka lolote la dakika ile. Tulimshukuru Mungu kwamba hayakuwa makubwa zaidi.

Juma lililofuata niliketi kuhariri. Katika kona ile zilikuwako kamera mbili tu zilizoona, ya ndani na ya kilimani. Picha ya ndani ilikuwa mbaya: jua lilikuwa mbele, vumbi limeshika kioo, na kila kitu kilionekana cheupe kama maziwa. Picha ya kilimani ilikuwa nzuri kupita kiasi. Nikafanya lile ambalo kila mhariri angelifanya. Sauti ya ndani niliichukua, picha yake nikaiacha. Juu ya sauti hiyo nikaweka picha ya kilima. Gari dogo likaja likivuta vumbi lake kama mkia, likafika konani, likaanza kuteleza. Na hapo hapo, likiwa limekwisha kuteleza, sauti ya mwalimu ikasikika ikisema, kushoto kali.

Niliitazama mara mbili. Nilisikitika, lakini sikushuku. Niliwaza moyoni kwamba mwalimu wa watu alichelewa. Mwelekezi hodari kuliko wote huweza kupoteza mstari daftarini. Nikaimaliza kazi nikaitoa.

Filamu hiyo ilionyeshwa katika mkutano wa chama jioni moja, kisha ikapita kutoka simu hii hadi simu ile. Hapana aliyemtukana mwalimu waziwazi. Mambo haya hayatendeki waziwazi. Kikohozi kilipita ukumbini, mtu akacheka mahali fulani nyuma, na jamaa za dereva walitazamana. Shangazi yake mmoja aliuliza kwa upole kama si afadhali hesabu zibaki ubaoni. Dereva hakuwa na kumbukumbu yake mwenyewe, basi akaikubali niliyompa mimi. Baada ya siku chache alitafuta mwelekezi mwingine.

Lakini jambo linaloniuma mpaka leo si hilo. Nilikutana na mwalimu baadaye, nikamwambia maneno ya kumfariji, jinsi mtu anavyomfariji aliyekosa. Naye akanijibu hivi: "Ndugu yangu, mimi ningeliapa kwamba nilisema mapema. Niliiona kona kwenye daftari, nikaisema, nikaingoja. Lakini picha nimeiona kwa macho yangu. Basi kumbe mtu anaweza kujidanganya hata kwa jambo alilolitenda mwenyewe." Alikuwa amenyang'anywa zaidi ya kiti katika gari. Alikuwa amenyang'anywa imani ya kumbukumbu yake, na mnyang'anyi ndiye aliyekuwa akimfariji.

Miezi mitano ilipita. Nikaenda kwetu pwani kuwaona wazee. Asubuhi moja niliketi kando ya hori, maji yamejaa, na ng'ambo alikuwako fundi wa mashua akipigilia misumari. Nilimtazama bila ya kufikiri neno. Nyundo yake ilishuka, lakini sikusikia kitu. Nyundo ikapanda, na ilipokuwa juu, mlio ukanifikia. Ikashuka tena kimya, ikapanda tena na mlio. Kila pigo nililiona kwanza na kulisikia baadaye. Jambo hili nilikuwa nimeliona tangu utoto, kama kila mtu alivyouona umeme ukimulika kabla ya radi kunguruma. Niliketi pale kama dakika moja zaidi, kisha mwili ukaniingia baridi, maana nilikikumbuka kilima.

Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa shule. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja. Nuru hufika papo hapo, kwa kadiri ya umbali wa kibinadamu. Kilima changu, nilipokwenda kupima baadaye, kilikuwa umbali wa karibu mita 680 kutoka konani. Kwa hiyo kamera ya kilimani iliona kila jambo kwa wakati wake, lakini ilisikia kila jambo sekunde 2 baadaye. Mimi niliilinganisha kwa sauti. Nilipouvuta mwiba wake uliochelewa ili ukae juu ya mwiba wa ndani ya gari, niliivuta na picha pamoja nao, na picha ikatangulia kwa sekunde 2. Picha zetu ni 25 kwa kila sekunde; basi niliwasogeza watu wale wawili kwa picha 50. Gari lililokuwa likienda kilomita 90 kwa saa hukata mita 25 kwa sekunde. Nililisukuma gari mbele mita 50 mbele ya sauti ya mwelekezi wake. Mita hizo 50 zilimezwa na mshono, mahali nilipobadili pembe, na mshono ulikuwa mzuri, wala hapana jicho lililouona.

Niliporudi Nairobi niliifungua ile picha ya ndani niliyoidharau, ile nyeupe kama maziwa. Niliitazama pole pole, picha baada ya picha. Ndani ya weupe ule ulionekana mgunga mmoja uliosimama mwanzoni mwa kona. Sauti ikasema, kushoto kali, na mgunga ulikuwa bado uko mbele, mbali, kama kijiti cha kiberiti. Nikahesabu mpaka gari lilipoufikia. Zilikuwa picha 50 na kidogo. Mwalimu alikuwa amesema kwa wakati wake, kama alivyokumbuka. Shahidi wa kweli alikuwamo sandukuni mwangu tangu siku ya kwanza, nami sikumwita kwa sababu uso wake haukupendeza.

Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu naye hulelewa. Niliitengeneza filamu upya: picha ya ndani upande mmoja, ya kilima upande wa pili, zote mbili katika wakati wake wa kweli. Nikawaita dereva na mwalimu nyumbani kwangu, nikawaeleza habari ya nyundo na mashua, nikawaonyesha. Dereva alinyamaza muda mrefu. Mwishowe akasema, "Basi nilisikia, nikaenda vilevile. Mwalimu, nisamehe." Mwalimu aliomba aonyeshwe mara ya pili, kisha mara ya tatu. Hakuonyesha furaha, wala hakunikasirikia, ingawa nilikuwa tayari kwa hasira yake. Alisema tu, "Miezi mitano nimekuwa nikijisahihisha kosa ambalo sikulifanya." Kwa mwalimu hapana neno zito kuliko hilo. Dereva alimtaka arudi garini. Hakurudi. Alisema amezoea kuwa nyumbani siku za Jumapili. Sikumwuliza kama hiyo ndiyo sababu yote.

Filamu ya pili nayo niliitoa, pamoja na maelezo ya kosa langu. Watu walioitazama walikuwa wachache kuliko walioitazama ya kwanza. Ajali hutazamwa na wengi. Masahihisho hutazamwa na wahusika. Kwa hiyo naamini wako watu mpaka leo, katika viwanja vya mbio, wanaomkumbuka mwelekezi aliyechelewa kuisema kona. Siwezi kuwafikia wote. Hilo ni sehemu ya deni ambayo hailipiki.

Tangu hapo nimebadili desturi zangu. Ninapoiweka kamera naandika umbali wake kutoka njiani, na nikilinganisha kwa sauti, nairudisha picha nyuma kwa kila mita 340 sekunde moja. Ikiwezekana nalinganisha kwa kitu kinachoonekana, kama mwanga wa breki unaowaka au gurudumu linalogonga jiwe, kwa sababu nuru haichelewi. Kamera iliyo karibu, ya mita 10 au 20, kosa lake halifiki picha 2, na hapana jicho litakaloliona. Na penye ajali sibadili pembe. Naonyesha jicho moja lote, tangu mwanzo hata mwisho, na sauti yake lenyewe; kisha jicho la pili lote, na sauti yake. Filamu hupungua uzuri. Najua, na nimeikubali hasara hiyo.

Wazee wetu husema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Nami nilidhani kwamba penye kamera nyingi ukweli hauharibiki. Lakini wazee hukaa baraza moja, wakasikia neno kwa wakati mmoja, wakaweza kurekebishana. Kamera zangu hazikukaa pamoja. Moja ilikuwa garini, nyingine ng'ambo ya bonde, na kila moja ilisikia kwa wakati wake. Hapana hata moja iliyosema uongo. Ya ndani ilisema kweli, ya kilima ilisema kweli. Uongo ulizaliwa katikati yao, mahali nilipozishona, na mshonaji alikuwa mimi.

Nimewaandikia wanafunzi na wanazuoni habari hii ya magari kwa sababu nadhani kazi zetu ni ndugu. Mwenye kuandika historia naye huwa na mashahidi wengi: barua ya huyu, hadithi ya yule, taarifa ya ofisa aliyekuwa mbali juu ya kilima chake. Naye huwalinganisha kwa mlio mmoja mkubwa uliosikiwa na wote, vita au njaa au kifo cha mfalme. Lakini mlio huo haukuwafikia wote siku moja. Aliyekuwa mbali aliusikia baadaye, akauandika kama kwamba umetokea wakati ule ule alipousikia. Akishonwa na wenzake bila ya kupimwa umbali wake, mtu fulani asiye na hatia ataonekana amechelewa kusema. Huenda mtu huyo amekwisha kufa, wala hawezi kuja nyumbani kwa mwandishi kuomba aonyeshwe mara ya tatu.

Mwalimu yungali hai, nami humwona mara kwa mara. Husalimiana, huulizana hali za nyumbani, na hatuzungumzi mbio. Mara ya mwisho aliniomba nije darasani kwake kuwaeleza watoto juu ya mwendo wa sauti. Nilikwenda. Nilichukua nyundo na kipande cha bati, nikamtuma mvulana mmoja akapige mwisho wa uwanja, na darasa likashangaa kuona mkono ukitangulia mlio. Mwalimu alisimama nyuma karibu na dirisha, akitazama kama wengine. Watoto walipouliza nilijifunza wapi jambo hilo, nilimtazama yeye kwanza. Aliitikia kwa kichwa, basi nikawaeleza yote.